Paka wawili na neno moja: namna ya kuusikiliza wimbo uleule kwa waimbaji tofauti

Dueti ya Paka ina neno moja tu, mwanzo hadi mwisho: miau. Waimbaji wawili, piano moja, dakika tatu hivi. Kwa kuwa hakuna maneno mengine, kila jozi ya waimbaji lazima iamue yenyewe paka hawa ni nani: wapenzi, mahasimu, au jirani wanaooneana wivu. Nafundisha sauti hapa Lamu, na kila kikundi kipya nakisikilizisha wimbo huu kwa waimbaji mbalimbali kabla hakijaugusa.

Wengi huuhesabu kuwa wa Rossini, mtunzi wa Italia. Sivyo hasa. Ulichapishwa London mwaka 1825 kwa jina la G. Berthold, na inaaminika kwamba jina hilo lilimficha Mwingereza Robert Lucas Pearsall. Alichukua vipande vya Otello, opera (tamthilia ya kuimbwa) ya Rossini ya mwaka 1816, akaviunga na mwanzo uliotokana na wimbo wa paka wa Weyse, mtunzi wa Denmark.

Anza na Victoria de los Ángeles na Elisabeth Schwarzkopf, London, mwaka 1967, katika tamasha la kumuaga mpiga piano Gerald Moore. Hawa ni magwiji, na hawaupunguzii wimbo heshima hata kidogo. Pumzi ni ileile wanayoimbia nyimbo zao nzito, na hapo ndipo kichekesho kinapozaliwa. Sikiliza hasa vituo. Mmoja akimaliza, mwenzake hakurupuki kujibu, anamwacha angoje. Ni kama kirumbizi chetu: fimbo mkononi, zumari inalia, na anayejua mchezo hana haraka ya kupiga.

Kisha watafute wavulana wa Ufaransa, Les Petits Chanteurs à la Croix de Bois. Sauti zao ni nyembamba na safi, hazina mtetemo mwingi, na mahaba hayamo kabisa. Kinachobaki ni ushindani wa watoto: ukipanda, nami napanda. Wimbo ni uleule, kisa ni kingine.

Wapo pia wanaovaa mikia na kuparurana jukwaani. Hao siwapendi. Macho yakishashughulishwa, sikio linalala, na neno hilo moja lina kazi kubwa mno kuachwa lipite hivihivi. Midomo imefungwa kwenye m, inafunguka kwa i, inapanuka kwa a, inakusanyika tena kwa u. Mwimbaji akiivuta a, paka anadai. Akiikawiza u, analalamika. Wanafunzi wangu wanaelewa haraka, kwani paka wamejaa vichochoroni mwetu na kila mtu anajua yupi ana njaa na yupi anatafuta ugomvi. Ukimwimbia mtu wa Lamu miau ya uongo, atakwambia papo hapo.

Ukishazisikiliza hizo, rudi kwenye Otello yenyewe, sehemu ya pili, pale Rodrigo anapoimba «Ah, come mai non senti». Amekataliwa na Desdemona, mwanamke anayempenda, na anaomba ahurumiwe. Utalitambua lile lahani la paka mara moja, safari hii likiwa kwa sauti ya tenori, yaani sauti ya juu ya kiume, na maumivu yake ni ya kweli.