Fomu Uliyoijaza kwenye Simu Inapopotea, Kosa Si Lako

Umeshajaza kurasa tatu za fomu kwenye simu, kurasa mbili zimebaki. Simu inaita, unapokea, unazungumza kidogo, kisha unarudi kwenye fomu. Unakuta imeanza upya, nyeupe pe. Kati ya malalamiko yanayotufikia sisi tunaopima programu, hili huniuma kuliko mengi, kwa sababu anayelalamika karibu kila mara huanza kwa kujilaumu: labda nilibonyeza vibaya, labda simu yangu imechoka. Nataka nieleze kinachotokea ili mtu asiubebe mzigo usio wake.

Kumbukumbu ya RAM, yaani nafasi ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi, ina kikomo, na programu unazofungua kwa siku moja ni nyingi. Kwa hiyo Android na iOS, mfumo wa iPhone, zote zina utaratibu wa kuzipanga programu kwa umuhimu. Ile unayoitazama hulindwa, na zile ulizoziacha nyuma ndizo za kwanza kuondolewa nafasi inapobana. Mfumo unapoiondoa programu haukuulizi wala haukuarifu. Hata picha yake ndogo huendelea kuonekana kwenye orodha ya programu za karibuni, ingawa hiyo ni picha tu iliyopigwa ulipoondoka. Nyuma yake huenda hakuna kitu kinachoendelea kufanya kazi.

Hilo lenyewe si kosa, ndivyo simu zilivyoundwa. Wajibu wa programu ni kukurudisha pale pale ulipokuwa, kana kwamba haikuwahi kuzimwa.

Kwenye Android, kabla skrini haijaondolewa, mfumo huipa programu nafasi ya kufunga kifurushi kidogo cha mambo ya kukumbuka: maneno yaliyoandikwa, ukurasa uliofikiwa, kisanduku kilichowekewa alama. Kifurushi hicho hutunzwa na mfumo wenyewe, nje ya programu, ndiyo maana hubaki hata programu ikizimwa. Lakini lazima kiwe chepesi. Google hushauri kisizidi kilobaiti 50, na njia kinamopitishwa ina nafasi ya takribani megabaiti 1, nayo hugawanywa kwa mawasiliano yote ambayo programu inayafanya na mfumo kwa wakati huo. Anayejaribu kupakia picha humo anajitafutia balaa: tangu Android 7.0, kifurushi kikizidi kiasi, programu huanguka, yaani hujifunga ghafla. Kinachofaa kuwekwa humo ni namba ya kuitambulisha picha. Picha yenyewe ikae kwenye hifadhi ya simu.

Sasa nifike kwenye mtego ninaouona mara nyingi zaidi. Ukigeuza simu kutoka wima kwenda mlalo, Android kwa kawaida huibomoa skrini na kuijenga upya ili ilingane na umbo jipya. Mwaka 2017 Google ilileta zana inayoitwa ViewModel, ambayo hushikilia data wakati wa mgeuko huo. Ni zana nzuri sana. Shida ni kwamba hukaa ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe, na programu ikizimwa nayo huondoka. Basi msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, hujaza fomu, hugeuza simu, huona maneno yapo, huamini kazi imekwisha. Hajajaribu kuiacha programu nyuma na kuua mchakato wake, yaani kuizima kama mfumo unavyoizima, jambo ambalo amri moja tu ya kompyuta hulifanya. Simu yake ya kazini ina kumbukumbu tele, kwa hiyo hasara haioni. Anayeiona ni mwenye simu ndogo, ambaye kurudia kazi humgharimu zaidi.

iPhone nazo zina mpango wa kurejesha hali ya skrini tangu iOS 6 ya mwaka 2012, na tangu iOS 13 kila dirisha la programu hutunziwa hali yake. Utaratibu wa ndani ni tofauti, ila katika jambo moja mifumo hii miwili inafanana, na hapo mtumiaji anahusika moja kwa moja: ukiitelezesha programu kuiondoa kwenye orodha ya programu za karibuni, hali yake iliyotunzwa hufutwa. Mfumo huchukulia kwamba umekusudia kuanza upya. Wapo wanaofagia orodha hiyo kila saa wakidhani wanaipunguzia simu mzigo. Tafadhali usifanye hivyo ukiwa na kazi uliyoiacha nusu.

Kwa maoni yangu, maandishi yoyote yanayomchukua mtu zaidi ya dakika moja hayapaswi kutegemea kifurushi hicho peke yake. Yaandikwe kwenye hifadhi ya simu kama rasimu, kadiri mtu anavyochapa, ili simu ikizimika ghafla yabaki salama. Nywila, namba za siri na namba za kadi ni habari nyingine: hizo zisitunzwe kabisa. Programu ya benki inayokurudisha mwanzo baada ya kuiacha kwa muda inakulinda, na ikificha picha yake kwenye orodha ya programu za karibuni imefanya vyema.

Unaweza kuipima programu mwenyewe kabla ya kuiamini kwa kazi ndefu. Jaza visehemu viwili vya fomu kwa maneno yasiyo na maana, rudi kwenye skrini ya mwanzo, fungua kamera na mchezo mmoja mzito, kisha rudi. Maneno yakiwa hayapo, waandikie watengenezaji wake. Watajie aina ya simu, toleo la mfumo, ukurasa uliokuwepo na programu ulizofungua katikati. Kwa maelezo hayo manne msanidi anaweza kulirudia tatizo mezani kwake, na tatizo linalorudiwa mbele ya macho yake ndilo analoweza kulirekebisha.