Kipande Kilichobaki Si Bustani

Nikiletewa mchoro wa mtaa mpya niukague, sianzi na asilimia ya maeneo ya wazi iliyoandikwa pembeni. Naangalia kwanza rangi ya kijani imekaa wapi. Mara nyingi naikuta korongoni, chini ya nyaya za umeme mkubwa, au kwenye vipembe ambavyo mpimaji alishindwa kuvikatia viwanja. Ukijumlisha, hesabu inatimia. Ukienda kwa miguu, huoni pa kukaa.

Kisha nauliza: ni milango ya nyumba zipi inayoitazama bustani? Eneo lililozungukwa na kuta za nyuma za viwanja halina macho. Taka hutupwa usiku bila shahidi, na miaka ikipita, ukuta huu unasogea hatua moja ndani, ule mbili. Heri barabara nyembamba ipite kati ya nyumba na bustani, nyumba zikaitazama kwa mbele. Mwenye mradi atalalamika kwamba barabara yenye viwanja upande mmoja ni hasara. Ni gharama kweli, ila viwanja hivyo hivyo ndivyo atakavyoviuza kwa bei ya juu, na hilo huwa halitaji.

Lakini kuitazama bustani peke yake hakutoshi. Huko Radburn, New Jersey, Marekani, mtaa ulioanza kukaliwa mwaka 1929, wasanifu Clarence Stein na Henry Wright waliyapa magari vichochoro vifupi visivyo na upenyo, wakazielekeza nyumba kwenye bustani ya pamoja katikati, na watembea kwa miguu wakapata njia inayopita chini ya barabara. Mpaka leo bustani zile zinatunzwa, kwa sababu kuna chama cha wakazi kinachokusanya ada. Mpango huo ulipoigwa Uingereza na Australia, mitaa mingi ilisumbua. Mtu hurudi nyumbani kwa gari, basi mlango wa upande wa gari ndio uliozoeleka; watoto nao wakacheza huko huko kwenye lami. Upande wa bustani ukabaki uchochoro wa nyuma. Huko New South Wales, jimbo la Australia, baadhi ya nyumba za serikali za mtindo huo ilibidi zigeuzwe zitazame barabara.

Kuhusu umbali, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza eneo la kijani la angalau nusu hekta ndani ya mita 300 za mstari mnyoofu kutoka nyumbani. Kipimo kizuri, ila mstari mnyoofu hupita juu ya kuta. Mimi napima kwa njia ya miguu, kuanzia getini. Kijilango kimoja kikifungwa, mita 300 huweza kuwa 900.

Kitu kinachoua bustani nyingi hakionekani hata kwenye mchoro. Wakati wa ujenzi, uwanja wa bustani ndio hugeuzwa maegesho ya magreda na ghala la kokoto. Udongo hushindiliwa hadi mizizi haipenyi wala maji ya mvua hayazami; miche inayopandwa baadaye hudumaa, na lawama humwangukia mtunza bustani. Ndiyo maana siku hizi naandika sharti moja kabla ya kutia saini: bustani izungushiwe uzio kabla greda la kwanza halijaingia, na udongo wa juu utakaokwanguliwa kwenye viwanja urundikwe pembeni, usiuzwe.