Kirusi peke yake hakitoshi kuleta saratani

Mwaka 1911 Peyton Rous, mtafiti wa New York, alisaga uvimbe wa saratani ya kuku, akauchuja kwa chujio lisilopitisha seli wala bakteria, kisha akamdunga kuku mzima majimaji yaliyopita. Kuku huyo naye akaota uvimbe. Kilichopenya kilikuwa kirusi. Rous alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Jaribio ninalopenda zaidi kulisimulia ni la miaka ya 1980, la Mina Bissell na wenzake huko California. Walidunga vifaranga kirusi hichohicho kwenye ubawa mmoja. Uvimbe ukaota pale sindano ilipoingia, basi, ingawa kirusi kilikuwa kimeshasambaa mwilini. Walipoutia jeraha ubawa wa pili, uvimbe ukaota palepale penye jeraha. Baadaye ikaonekana kwamba dawa za kutuliza inflamesheni huuzuia.

Inflamesheni ndiyo ile hali ya kidonda kuwa chekundu, kupata joto, kuvimba na kuuma. Chembechembe nyeupe za damu hukimbilia hapo, humwaga kemikali za kuua vijidudu na kuzichochea seli jirani zigawanyike ili kuziba pengo. Ikiisha kwa siku chache, umepona. Ikidumu miaka 20, kemikali zilezile huharibu DNA, na seli zinazogawanyika bila kupumzika hurithishana makosa. Virusi vya homa ya ini B na C mara nyingi hupitia njia hiyo: ini huumia, hujijenga, huumia tena, hadi linajaa makovu.

Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kina mbinu yake. Protini zake mbili, E6 na E7, huzima p53 na Rb, walinzi wanaozuia seli isigawanyike ovyo. Hata hivyo, wengi wanaoambukizwa hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari ni kwa anayekaa nacho muda mrefu.

Tafadhali, jaribio la vifaranga lisikufanye umeze kila siku dawa za maumivu zinazotuliza inflamesheni; huweza kudhuru tumbo na figo. Pima homa ya ini hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu ini huharibika kimyakimya. Aina ya C siku hizi hutibiwa kwa vidonge, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 hupona. Aina ya B ina chanjo, na mtoto aipate ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua.