Swali Ambalo Wakili Mzuri Haulizi

Nilipokuwa wakili mchanga nilimtetea kijana aliyeshtakiwa kwa wizi wa usiku, na katika dodoso, yaani kumhoji shahidi wa upande wa pili, nilifanikiwa kumfanya shahidi mkuu akiri kwamba taa ya nje ilikuwa imezimika. Nilipaswa kuketi hapo hapo. Badala yake nikamwuliza, "Sasa ulimtambuaje?" Akajibu kwa utulivu, "Kwa sauti. Nimekua naye." Tangu siku hiyo ninazipenda tamthilia za mahakama za Uingereza zilizoandikwa na watu wanaojua wakili anyamaze wapi.

Rumpole of the Bailey, iliyoonyeshwa kati ya 1978 na 1992, ilitungwa na John Mortimer, ambaye mwenyewe alikuwa wakili wa mahakamani. Mhusika wake, aliyeigizwa na Leo McKern, hachoki kuutaja "uzi wa dhahabu", maneno yaliyotoka katika hukumu ya Woolmington ya 1935. Woolmington alikuwa kijana kibarua wa shamba aliyedai kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya na kumuua mkewe. Jaji akaielekeza juri, yaani wananchi 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kana kwamba ni juu ya mshtakiwa kulithibitisha hilo, na Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya rufaa Uingereza, likamwachia huru, likisema kwamba uzi huo wa dhahabu ni kuwa mzigo wa kuthibitisha hatia ni wa upande wa mashtaka. Kesi hiyo hiyo tunainukuu katika mahakama za Tanzania na Kenya, ndiyo maana Rumpole anapoitaja mimi husikia sheria yangu mwenyewe.

Silk, ya 2011 hadi 2014, nayo iliandikwa na Peter Moffat aliyewahi kuwa wakili, na inaonyesha vizuri jinsi karani mkuu wa ofisi ya mawakili anavyowagawia mawakili kesi, jambo geni kwetu ambako wakili mmoja humpokea mteja na kumsimamia mahakamani.

Hata hivyo, ninayoithamini kuliko zote ni Crown Court, iliyotengenezwa na kampuni ya televisheni ya Granada kuanzia 1972 hadi 1984. Jaji, mawakili na mashahidi walikuwa waigizaji, lakini juri ilikuwa ya wananchi wa kawaida wenye sifa za kuitwa kwa kazi hiyo katika mahakama halisi, na uamuzi ulikuwa wao kweli. Kwa hiyo mwisho wa hadithi ulipaswa kuandaliwa kwa namna mbili, na mwandishi, ambaye kwa kawaida alikuwa na sehemu tatu fupi tu, alilazimika kuupa kila upande ushahidi wenye uzito, kwa sababu asingeweza kuificha kesi dhaifu nyuma ya muziki au machozi. Ukipata nafasi ya kuitazama, usimkazie macho wakili peke yake. Shahidi anapojibu swali gumu, tazama nyuso za wale 12, kwa kuwa isipokuwa kiongozi wao, aliyekuwa mwigizaji kwa sababu ndiye aliyetamka uamuzi, hakuna hata mmoja wao anayeigiza.