Asidi hialuroniki: mwili inaivunja aje, na waganga banaitumia ku nini?

Swali: Ile asidi hialuroniki yenye bauza serumu ya uso banasemaka kila siku, ni kitu gani?

Jibu: Usiogope jina asidi, haichome. Ni sukari mbili zenye zinafungana zamu kwa zamu, mara maelfu, sawa shanga ku kamba moja, na mwili yako yenyewe njo inaitengeneza. Inapenda maji sana. Karibu nusu yake iko mu ngozi, ingine mu macho, ingine mu maji ya magoti, njo yenye inasaidia goti iteleze wakati unapanda Kadutu, kule Bukavu, na muzigo ku mugongo. Karl Meyer na John Palmer njo baliigundua mu 1934, kule New York, baliitoa mu jicho ya ng'ombe.

Swali: Inaisha aje mu mwili?

Jibu: Hapa njo penye nataka batu baelewe mbele ya kutosha franga. Mutu wa kilo 70 iko na kama grama 15 tu, na kila siku karibu theluthi yake inavunjwa, ingine mupya inatengenezwa. Kuko enzimu, ni vitu vya mwili vyenye vinafanya kazi ya kukata, zinaitwa hialuronidazi, moja inakata ile kamba ndefu ku inje ya seli, ingine inamalizia ndani, na yenye inabaki inapita mu limfu (maji ya mwili yenye inatembea mu mishipa yake) na mu damu mpaka maini inaisafisha. Mu damu nusu yake inapotea mu minuti 2 mpaka 5! Mu ngozi inakawia kidogo, kama siku moja ao mbili. Na jua kali nayo inaleta molekuli, vipande vidogo sana, zenye zinaikatakata.

Swali: Sasa kama inakuliwa mbio vile, waganga banaitumia aje?

Jibu: Banafunga kamba na kamba na dawa ya kuunganisha, inakuwa jeli, enzimu inapata kazi nguvu ya kuikata, njo vile yenye banachoma na sindano mu uso inaweza kukaa miezi 6 mpaka 18. Mu operesheni ya kataraka (mtoto wa jicho) banatumia yenye haikufungwa, inashikilia nafasi mu jicho ili vyombo visiumize, halafu banaitosha. Iko pia mu pansima, vitambaa vya kufunika vidonda. Sindano ya goti inasaidiaka bamoja, lakini kwa wengi faida ni kidogo, usiuzishe mbuzi juu yake. Zamani ilitoka ku ile nyama nyekundu ya ku kichwa ya jogoo, leo mingi inatoka ku bakteria.

Swali: Dada wa saloni anaweza kunichoma mu midomo?

Jibu: Apana, nakuomba kabisa. Jeli ikiingia mu mushipa ya damu inafunga njia, ngozi inaweza kufa, na ikifika ku mushipa ya jicho mutu anaweza kupofuka. Dawa ya kuivunja ni hialuronidazi ile ile, lakini ni ya kuchoma mbio, na munganga mwenye anaijua. Kwa hiyo mbele ya yote uliza: iko nayo hapa? Kama hajue unasema nini, toka. Ata ile kalamu ya kusukuma jeli bila sindano, FDA, shirika ya Marekani yenye inachunga dawa, ilionya batu mu 2021 basiitumie.

Swali: Na serumu za soko ya Nyawera?

Jibu: Molekuli kubwa inabaki juu ya ngozi, inashika maji, uso inalainika, basi. Haijaze mikunjo. Na kama muuzaji anakuambia itakufanya mweupe, mama, ile haiko kazi ya asidi hialuroniki, soma vizuri ku chupa kitu gani kingine batia ndani.