Ada fiche za hoteli ni zipi?

Ada fiche ni malipo ambayo mgeni hawezi kuyakwepa, lakini hayamo katika bei ya chumba aliyoonyeshwa mwanzoni. Huitwa ada ya huduma, ada ya vifaa, ada ya mapumziko, hata ada ya mji. Ili kuitambua, jiulize: ningeikataa, ningepewa ufunguo? Kifungua kinywa ulichokiagiza mwenyewe si ada fiche, hata kikiwa ghali. Intaneti na chumba cha mazoezi unavyovilipia bila hata kuvigusa, hiyo ndiyo yenyewe. Kodi ya serikali ni jambo jingine, ingawa zipo hoteli zinazoandika kodi na ada zao katika mstari mmoja wa ankara, ukadhani zote ni amri ya sheria.

Kwa nini wasipandishe tu bei ya chumba? Kwa sababu wateja wengi wa mtandaoni hupanga orodha ya hoteli kuanzia ya bei nafuu. Anayetaja bei kamili hushuka chini ya orodha, na jirani aliyeficha sehemu ya bei yake hupanda juu. Mkweli ndiye anayeadhibiwa. Tena, kamisheni ya wakala wa mtandaoni kwa kawaida hukatwa kwenye bei ya chumba, kwa hiyo kinachokusanywa mapokezini kwa jina jingine mara nyingi hubaki hotelini chote.

Ajabu ni kwamba mnyororo mmoja maarufu wa hoteli za bei ya kati, yaani hoteli nyingi zenye jina moja, ulianzishwa ili kutibu maradhi haya haya. Mwaka 1951 Kemmons Wilson, mfanyabiashara wa Memphis, Marekani, alisafiri na mkewe na watoto wao watano. Moteli, yaani hoteli za kando ya barabara, zikamtoza dola 2 za ziada kwa kila mtoto, na ubora wa vyumba ukawa wa kubahatisha. Mwaka uliofuata alifungua Holiday Inn ya kwanza, akiwa na wazo kwamba watoto walale bure na mgeni akute chumba cha kiwango kilekile kila aendako.

Ahadi hiyo ililegea jina lilipotengana na jengo. Mwaka 1993 Marriott, kampuni ya hoteli ya Marekani, iligawanywa: kampuni moja ikabaki na majengo, nyingine ikachukua usimamizi na leseni za jina. Leo kampuni kubwa nyingi huendesha mambo kwa njia hiyo. Jina lililo juu ya mlango ni lao, jengo ni la mwekezaji, na wafanyakazi huenda wameajiriwa na kampuni ya tatu. Mwenye jengo hulipa asilimia ya mapato ya vyumba ili atumie jina na mfumo wa kuweka nafasi. Mwenye jina ana kitabu cha viwango na wakaguzi, ila godoro jipya na bomba jipya hutoka mfukoni mwa mwenye jengo. Mmoja amekarabati juzi, mwingine anavuta siku hadi mkataba uishe, na wote wawili wana bango lilelile. Mimi huamini picha za wageni za miezi ya karibuni kuliko bango.

Sheria zimeanza kubana upande wa ada. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilizionya kampuni 22 za hoteli mwaka 2012, lakini kanuni yenye meno ilianza kutumika Mei 12, 2025: bei inayotangazwa lazima iwe na ada zote za lazima. Uingereza nayo ilianza kutumia sheria ya namna hiyo Aprili 2025. Kanuni ya Marekani haifuti ada yenyewe, inakataza kuificha tu, na inaruhusu kodi za serikali zisiwemo katika bei ya kwanza. Yanayohesabiwa kuwa hiari, kama kuegesha gari au kuingia chumbani mapema, nayo yamebaki nje. Hayo yaulize kabla hujalipa, na jibu ulipate kwa maandishi.