Mmea Unaokula Watu: Yanayosemwa na Yaliyomo katika Little Shop of Horrors

Mtu akianza kukusimulia Little Shop of Horrors, mkatize umuulize: ipi? Ziko tatu. Ya kwanza ni filamu ya Roger Corman ya mwaka 1960, nyeusi na nyeupe, ambayo si ya muziki hata kidogo. Ya pili ni mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, maneno ya Howard Ashman na muziki wa Alan Menken, ulioanza New York mwaka 1982. Ya tatu ni filamu ya Frank Oz ya 1986, iliyotokana na mchezo huo. Watu huzikoroga zote sufuria moja, kisha kila mmoja anaapa kwamba aliyoiona yeye ndiyo yenyewe.

Mifupa ya kisa, kama mchezo wa jukwaani unavyokisimulia, ni hii. Seymour ni kijana yatima anayefanya kazi kwenye duka la maua la mzee Mushnik, mtaa wa walalahoi uitwao Skid Row. Duka halina mteja. Seymour anampenda mfanyakazi mwenzake, Audrey, ambaye ana mpenzi daktari wa meno anayempiga mpaka anakuja kazini na jicho jeusi. Siku moja Seymour anaweka dirishani mmea wa ajabu aliouita Audrey II, na watu wanaanza kufurika dukani. Tatizo ni kwamba mmea haukui kwa maji wala samadi. Unakunywa damu.

Hapo ndipo msimuliaji hukohoa na kutoa hukumu: "Ni kisa cha tamaa mbele, mauti nyuma."

Hukumu hii naipinga kuliko zote, ingawa naelewa inakotoka. Mmea wenyewe unaimba ukimwahidi Seymour gari la kifahari na umaarufu kwenye televisheni. Lakini msikilize kijana anajibu nini. Anasita. Anasema hamjui mtu yeyote anayestahili kukatwakatwa akalishwa mmea. Mali haimtikisi. Kinachomgeuza ni kumwona yule daktari wa meno akimpiga Audrey, papo hapo, mbele ya macho yake. Anakubali kwa hasira na kwa mapenzi. Gari la kifahari halimo.

Na Audrey je, anatamani nini? Ana wimbo mzima wa kueleza ndoto yake: nyumba ndogo nje ya mji yenye ua, vyombo vya jikoni vinavyong'aa, na televisheni ya inchi 12. Inchi 12, naye anaiita kubwa kupindukia! Ukisikia tamaa ya namna hiyo, ujue unamsikiliza mtu ambaye hajawahi kuwa na kitu. Mtaa wa Skid Row una wimbo wake pia, na ukiusikiliza vizuri utaona kwamba wote wanaoimba wanataka jambo moja tu, kutoka hapo.

Kwetu pwani mtu akisikia kisa hiki atasema upesi, "Aa, kafuga jini." Inakaribia, lakini haifiki. Anayekwenda kutafuta jini la utajiri huambiwa masharti mapema: mwanao, mkeo, au kuku mweusi kila mwezi. Seymour hakuambiwa kitu. Alijichoma kidole kwa mwiba wa waridi, mmea ukachezesha midomo, akatoa tone. Kesho tone jingine. Mpaka mmea unafungua kinywa na kusema kwa sauti kwamba una njaa, vidole vyake vyote vimefungwa plasta na kijana amepauka. Deni lake limekua kwa mafungu madogo madogo, na hakuna siku hata moja ambayo angeweza kuionyesha akasema, hapa ndipo niliposaini.

"Seymour ni muuaji tu." Wengine husema kinyume chake, kwamba hana hatia kabisa. Wote wawili wana kesi, kutegemea toleo. Kwenye filamu ya 1960 yeye ni mtu wa mikosi: anarusha jiwe ovyo, linampata mtu, mtu anaangukia njia ya reli na treni linamaliza. Daktari wa meno anamuua wakipigana, na daktari huyo wala si mpenzi wa Audrey. Kwenye mchezo wa jukwaani mambo ni mazito zaidi. Seymour anakwenda kwa daktari na bastola mkononi, anashindwa kufyatua. Daktari, ambaye hujistarehesha kwa gesi ya usingizi inayochekesha, amevaa kifaa chake usoni na kifaa kinakwama. Anacheka huku anakosa hewa. Seymour anasimama anatazama mpaka mwisho. Hajamgusa, ila hajamsaidia, na baadaye ni yeye anayeulisha mmea maiti.

Kisha inakuja zamu ya Mushnik, na hapa tofauti ndogo inabadili kila kitu. Jukwaani, Seymour anamdanganya mzee kwamba pesa za duka zimo ndani ya mmea. Mzee anaingiza kichwa mwenyewe kuzitafuta. Hiyo ni mauaji, tusizungushe maneno. Kwenye filamu ya 1986 mzee ndiye anayeshika bastola na kumtisha Seymour, halafu anarudi nyuma hatua moja zaidi, akaishia kwenye taya za mmea. Filamu ilimsafisha kijana ili tuendelee kumpenda. Likumbuke hilo, maana mwishoni linarudi.

Kuna na wanaodai kwamba mmea umetoka anga za mbali tangu mwanzo wa yote. Si katika filamu ya Corman. Pale ni mseto wa mimea miwili inayonasa wadudu, basi. Ni Ashman aliyeleta anga: Seymour anasimulia kwamba alikuwa kwa Mchina muuza maua, jua likapatwa ghafla mchana, na giza lilipoondoka mmea ulikuwa umekaa pale. Akauziwa kwa dola 1.95. Kijana anadhani amepata kitu cha bei poa. Kumbe umekuja kuiteka dunia.

(Mimea inayonasa wadudu ipo kweli. Ule maarufu wenye taya, unaoota kwa asili katika majimbo mawili ya Carolina huko Marekani, hunasa wadudu kwa sababu udongo wake hauna naitrojeni ya kutosha. Vinyweleo vyake vikiguswa mara moja tu haufungi. Husubiri mguso wa pili. Una subira kuliko Audrey II.)

"Nyota wa ile ya zamani ni Jack Nicholson." Hapana. Anaonekana dakika chache kama mgonjwa anayefurahia kung'olewa meno bila ganzi. Nyota ni Jonathan Haze. Ila filamu ile haikulindwa kwa hakimiliki, kila mwenye mashine ya kunakili kanda aliiuza, na Nicholson alipokuwa maarufu wauzaji waliibandika sura yake kwenye majalada. Jukwaani mgonjwa huyo hayupo. Filamu ya 1986 ikamrudisha, akachezwa na Bill Murray.

Kwamba Corman aliipiga kwa siku mbili ni kweli nusu. Sehemu za ndani ndizo zilizopigwa kwa mbio hizo, lakini za nje ziliongezwa baadaye.

Vijana wa leo nao huniambia mmea wa 1986 ulitengenezwa kwa kompyuta. Ni kikaragosi cha mpira na nyaya, na kilipofikia ukubwa wake wa mwisho kilihitaji makumi ya watu kukiendesha. Midomo mizito kama ile haiwezi kuifuata sauti ya Levi Stubbs, mwimbaji wa kundi la Four Tops aliyeuimbia mmea. Kwa hiyo kamera ilipunguzwa mwendo, fremu 12 au 16 kwa sekunde badala ya 24, ili picha ikirudishwa kwenye mwendo wa kawaida mmea uonekane mwepesi. Rick Moranis na Ellen Greene, waliocheza Seymour na Audrey, wakiwa pembeni ya mmea walilazimika kuigiza na kuchezesha midomo polepole kwa kipimo kilekile. Utazame tena mandhari hizo ukijua hilo. Mimi bado sielewi waliwezaje kulia kwa mwendo wa konokono.

Sasa mwisho. Wengi wanajua mmoja tu: Seymour anaushinda mmea kwa umeme, anamwoa Audrey, wanahamia kwenye nyumba ile ya ndoto. Kumbe kwenye mchezo, uliochezwa mara 2,209 katika ukumbi wa Orpheum hapo New York, hakuna anayesalimika. Mmea unamjeruhi Audrey. Akiwa anakata roho anamwomba Seymour amlishe yeye kwa mmea, ili kijana afanikiwe na wao wawili wawe karibu daima. Anamlisha. Halafu anakuja mfanyabiashara anayetaka kuchukua vipandikizi na kuviuza nchi nzima, na hapo ndipo Seymour anaelewa. Anajaribu risasi, anajaribu sumu, mwishowe anaingia kinywani na panga. Hatoki. Maua yanachanua yakiwa na nyuso za walioliwa, na matawi yanashushwa kutoka darini juu ya vichwa vya watazamaji.

Frank Oz aliupiga mwisho huohuo, tena kwa gharama kubwa: mimea mikubwa kama maghorofa inaivunja New York na kupanda juu ya Sanamu ya Uhuru. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio huko San Jose, watu walipiga makofi wimbo baada ya wimbo, mpaka wapenzi wawili walipoliwa. Ukumbi ukawa baridi. Oz mwenyewe alieleza sababu vizuri: jukwaani mtu akifa, dakika chache baadaye anatoka mbele ya pazia kuinamia watazamaji, unarudi nyumbani umetulia. Kwenye filamu amekufa, hatoki tena. Na huyu Seymour wa filamu, aliyesafishwa damu ya Mushnik, alikuwa amepoteza hata ile sababu ya kustahili kifo chake. Wakarudi kupiga upya. Mwisho wa kwanza ulikaa kabatini, ukaja kutolewa rasmi ukiwa umekarabatiwa mwaka 2012.

Hata hivyo, anayesema ile ya 1986 inaisha kwa heri huwa ameinuka kitini mapema. Maharusi wanaipita bustani yao, wanaingia ndani, mlango unafungwa. Kamera inateremka polepole hadi kwenye maua ya mbele ya nyumba. Katikati yake kuna chipukizi dogo la kijani lenye taya, nalo linatabasamu.